Hongera kwa Kuposa, Mzee Kondo

Mie nasema mapema ili tusije tukalaumiana: nina mdomo. Kibiti nzima inajua, kuanzia stendi mpaka sokoni. Mteja akishika kanga zangu na mikono yake ina mafuta ya chapati, namwambia, hata awe mke wa nani. Fundi akinishonea juba likapinda, namwambia, tena mbele ya wateja wake. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, Mungu amrehemu, na maziko yake yalijaa watu mpaka barabara haipitiki. Kwa hiyo sikuwahi kuona shida.

Shida nimeiona mwaka huu, mwanangu Twalha alipotaka kuoa.

Twalha ni fundi wa sola. Anazunguka visiwa vya Delta anafungia watu taa. Siku moja akapanda juu ya paa la Mzee Kondo wa Mbwera, na binti wa Mzee Kondo, Subira, akamshikia ngazi. Mie sikuwepo, lakini kwa namna alivyorudi nyumbani nilijua ngazi ile ilishikwa sawasawa. Hakunyamaza tena. Subira anashona, Subira anacheka hivi, Subira kamuuliza betri inadumu miaka mingapi. Nikamwambia, baba, usinimalizie masikio, twende tukapose.

Tukaposa kwa heshima zote. Dukani kwangu, Biasha Sherehe, nauza vitu vya shughuli: kanga, udi, marashi, kofia, majuba, keki, vitu vya watoto wachanga, na sahani za posa. Sahani ya posa ni sinia lililopambwa, juu yake kitambaa cha hariri, udi, chupa ya marashi, na barua yenyewe ndani ya bahasha nzuri. Ya mwanangu niliipamba kwa mkono wangu, sikumwachia mtu. Kaka yangu Sadala na mzee mwenzake wakapanda boti Nyamisati wakaipeleka. Mzee Kondo akawapokea vizuri, akawalisha kamba wakashiba, kisha akasema, "Barua tumeiona. Tutawajibu."

Na hapo ndipo tulipokwama. Kwetu ukishaambiwa "tutawajibu" unakaa kimya. Hukumbushi, hupigi simu, hupitipiti njia ile ukijifanya unatafuta kaa wa kununua. Ukiharakisha, watasema kijana wenu ana kasoro na mnataka aoe kabla haijaonekana. Basi tukakaa kimya. Mwezi ukapita, mwingine ukaingia, jibu hakuna. Twalha akawa anakula kama mgonjwa, tonge moja, anasukuma sahani, anatazama simu. Mie mama mtu mzima, mwenye maneno ya kumpa kila mtu, sikuwa na neno la kumpa mwanangu. Iliniumiza sana.

Wakati huo huo binti yangu Salwa akaniletea mambo yake. Salwa kasomea kompyuta Dar, karudi na laptop na kimbelembele. Akaniambia, "Mama, wewe unakaa hapa unasubiri mteja akukumbuke. Sasa wewe ndiye utakayemkumbuka mteja, tena bila kukumbuka."

"Nitakumbukaje bila kukumbuka? Usinichanganye."

"Meseji zitajituma zenyewe. Kila mteja tunamwingiza humu: jina, namba ya simu, mwanamke au mwanamume, anakaa wapi, kanunua nini. Halafu tunaweka triga."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kama mtego, mama. Mtu akinunua kitu fulani, mtego unafyatuka. Unasubiri siku tulizouambia usubiri, kisha unamtumia meseji tuliyoiandika. Na ili isiende kwa kila mtu, tunaweka chujio. Wewe si unachuja tui kwa kifumbu? Tui linapita, machicha yanabaki. Meseji ya majuba itapita kwa wanawake, wanaume wabaki. Ofa ya keki itapita kwa watu wa Kibiti na Bungu, wa Delta wabaki, maana keki ikifika Salale kwa boti imeshakuwa uji."

Nikasema subutu, huo ni uchawi wa Kizungu. Lakini nikamwachia ajaribu mtego mmoja, ule wa arobaini. Mtu akinunua vitu vya mtoto mchanga, mtego unahesabu siku arobaini, kisha mzazi anapata meseji: "Mwanamke, leo unatoka nje. Utatoka na kanga ile ile iliyochakaa? Njoo kwa Biasha." Mama wee! Wakaja. Wakaja na watoto mgongoni, wanacheka mpaka wanajishika kuta. "Biasha, umejuaje kama leo natoka arobaini?" Mie najibu, "Mie najua yote." Salwa pale pembeni anakohoa tu.

Toka siku hiyo nikanogewa. Salwa alikuwa ameandika meseji zake, "Mpendwa mteja, tunathamini uwepo wako." Nani anaongea hivyo Kibiti? Nikamwambia nipishe. Mitego aweke yeye, maneno niandike mie. Nikaandika ya futari, nikaandika ya mahafali, nikaandika ya wanaume waliosahau kuwanunulia wake zao nguo za Idi, hiyo ilikuwa kali. Na nikaandika za posa. Mtego: mtu kanunua sahani ya posa. Chujio: wanaume tu.

Salwa akaingiza na mauzo ya nyuma, hata sahani ya kaka yake, ili hesabu ya mzigo ikae sawa. Mashine ikagoma. Haikubali mpaka iwe na jina na namba.

"Jina na namba, mama?" akaniuliza, nami niko juu ya kigoda napanga marobota.

Sasa jueni jinsi duka langu linavyofanya kazi. Mzigo wa Delta unakwenda na boti, na mwenye boti lazima ampigie simu anayepokea ashuke gatini. Kwa hiyo tangu simu ziingie, namba tunayoandika ni ya anayepokea. Anayenunua tunamjua, namba yake ya nini? Nikajibu nilivyozoea. "Kondo, Mbwera," nikamtajia na namba.

"Mwanamume?"

"Salwa! Kondo atakuwa mwanamke?"

Akabonyeza. Mie nikaendelea na marobota yangu.

Baada ya siku chache, mchana, bajaji ikasimama mbele ya duka. Akashuka mwanamke wa makamo, kajifunga kanga kiunoni, sandali zina matope, simu kaishika mbele kama anayeimulika njia. Hakutoa salamu.

"Biasha ndiye nani?"

"Ndiye mie. Karibu mama, leo zimeingia doti mpya."

"Sikuja kununua. Nimepanda boti, nimepanda pikipiki, nimepanda gari, nimekuja kuuliza swali moja. Mume wangu anaoa nani?"

Wateja wawili waliokuwa wanachagua udi wakaacha kuchagua. Damu ikanipanda. "Mama," nikasema, "mie nauza udi. Waume siuzi. Mumeo kama anaoa, kamuulize mwenyewe."

"Mwenyewe anaapa hajui! Nimemfukuza chumbani, kahamia dunguni kule shambani, analinda mpunga ulioshavunwa. Na wewe usijitie hujui. Mmeleta barua kwa binti yangu, mmeona tumechelewa kujibu, mkaona mnikomeshe. Mkamtafutia Kondo mke!"

Kondo. Nikashika meza. "Wewe ni..."

"Mie Mwanamina. Mama yake Subira."

Yarabi. Posa ya mwanangu ilikuwa imesimama mbele yangu, ina matope miguuni, na mie nishaitolea maneno. Nikafunga kinywa. Salwa akatoka nyuma na laptop yake, akapiga "shikamoo" iliyotetemeka. Bi Mwanamina hakuitikia. Akatunyooshea simu. Ilikuwa simu ya mumewe, kaja nayo kama ushahidi. "Subira kanisomea nyumbani, na mie nimeirudia njia nzima. Soma."

Salwa akasoma. "Hongera kwa kuposa, Mzee Kondo! Kuvuta jiko ni jambo la heri. Akikubali tu, njoo Biasha Sherehe umchukulie udi, doti na marashi. Punguzo lipo."

Nikamtazama Salwa, Salwa akanitazama. Ndipo namba ile ya gatini ikanirudia kichwani. Nikashika kichwa kwa mikono miwili.

"Shangazi," Salwa akaanza, na alipoona uso akabadili, "mama, samahani, baba haoi. Hii ni mashine." Akamweka kwenye kiti, akamwonyesha, akamweleza mtego na chujio na tui na machicha. Jina la Mzee Kondo lilikuwa pale, mbele yake limeandikwa mwanamume, Mbwera, sahani ya posa. Mashine ilikuwa na haki yake. Kwa mashine, Mzee Kondo ndiye mposaji.

Bi Mwanamina alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maneno matamu hata Kondo anayo. Kama kweli ni mashine, iseme tena nione."

"Rahisi sana," Salwa akasema. "Kuna ya pili inangoja wiki ijayo. Naituma sasa hivi."

Ya pili! Mie ndiye niliyeiandika ya pili. "Salwa, ngoja..." nikasema, lakini kidole chake kilishabonyeza, na simu ikalia mkononi mwa Bi Mwanamina. Safari hii akasoma mwenyewe, polepole, kwa sauti.

"Mzee Kondo, bado hujajibiwa? Usife moyo. Wakwe wengine wana maringo, hujifanya binti yao wa dhahabu. Njoo tukupe doti kali umlainishe mama mkwe, maana kufuli analo yeye."

Akaishusha simu, akanigeukia.

"Nani kaandika haya?" akauliza, bila kupaza sauti.

"Ni mashine, mama," Salwa akasema.

Hapo ningeweza kuinyamazia. Nilimfikiria Twalha na lile tonge lake moja, nikasema moyoni, Biasha, leo kwa mara ya kwanza uongope. Sikuweza. "Si mashine," nikasema. "Mashine itajua wapi maringo? Nimeandika mie. Sikukuandikia wewe, nilikuwa sikujui. Lakini ni mie."

Bi Mwanamina akaiweka simu mezani. "Ndiyo maana," akasema.

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana barua ya mwanao nimeikalia. Kondo alikuwa tayari siku ile ile. Kijana kampenda, sola inawaka, yeye ataka nini tena? Mie ndiye niliyesema tungoje. Nikaulizia, huyo mama mkwe ni nani? Kila niliyemuuliza, wa Nyamisati, wa Bungu, jibu moja: Biasha ana mdomo. Binti ninaye mmoja tu. Nimlete Kibiti awe anasemwa asubuhi mpaka jioni, na mie niko ng'ambo ya maji simsikii?"

Jamani, iliniuma. Sisemi uongo. Miezi yote ile nimewalaumu wakwe, nimelaumu mawasiliano, nimemlaumu hata Sadala labda alikula kamba wengi mno, kumbe aliyemzuilia mwanangu mke ni mie. Machozi yakanilenga. Na mie nikilengwa na machozi, hasira ndiyo hutangulia.

"Mama Subira," nikasema, "mdomo ninao, na sitakudanganya kwamba nitauacha. Mwanao akiunguza wali nitasema wali umeungua. Lakini nitamwambia yeye, sitakwenda kumwambia jirani. Na mtu wa nje akimgusa, mdomo huu huu ndio utakaomtetea. Kamuulize fundi cherehani aliyetaka kumdhulumu Salwa kitambaa, mpaka leo akiniona anavuka barabara. Halafu na wewe! Umeingia dukani kwangu hujatoa hata salamu. Umenivunjia heshima mbele ya wateja. Mume mzima umemhamishia dunguni kwa meseji moja. Hapa nani hana mdomo?"

Salwa akafumba macho. Mmoja wa wale wateja akasema "Makubwa!" kwa sauti ya chini.

Bi Mwanamina alinikazia macho. Midomo yake ikaanza kutetemeka, nikajua analia, kumbe wapi. Kicheko! Kilimtoka mpaka akajishika kiuno. "Kweli sijakusalimia," akasema anajifuta macho. "Hata maji sijaomba. Toka Mbwera nilikuwa nayapanga maneno yangu, salamu haikuwemo."

"Basi toka nje uingie upya," nikamwambia.

Na akatoka! Akasimama mlangoni, akafungua kanga ya kiunoni, akajitanda vizuri. "Assalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, mama Subira. Karibu. Habari za Mbwera?"

"Njema, mama Twalha. Nina njaa."

Nikawaaga wateja, nikarudisha mlango. Salwa akapakua wali wa nazi na kisamvu, tukakaa mkekani nyuma ya duka. Bi Mwanamina alikula vizuri, na katikati ya kula akavuta laptop karibu yake akaanza kuulizauliza. Mashine hii inaweza kuchagua wanaume wa Mbwera peke yao? Inaweza. Inaweza kuchagua wale wanaochelewa kurudi nyumbani?

"Hizo taarifa hatuna, mama," Salwa akasema.

"Mie ninazo. Andika."

Salwa alikuwa anacheka, ghafla akaacha. Alikuwa ameteremsha orodha. Mzee Kondo hakuwa peke yake. Kila sahani ya posa iliyopanda boti, namba ilikuwa ya baba wa binti. Salale, Kiomboni, Kiongoroni, akina baba wa watu wamepongezwa kwa kuvuta jiko. Bi Mwanamina akaweka mkono mdomoni. "Mmewatoa vyumbani wangapi?" Salwa akauzima mtego pale pale, akaweka nafasi mbili, namba ya anayenunua na namba ya anayepokea, na mie nikakaa kuwaandikia wale wazee meseji ya kuomba radhi. Nilitaka niongeze neno kwa wake zao. Salwa akaninyang'anya laptop.

"Nimpigie Kondo," Bi Mwanamina akasema, kisha akakumbuka simu ya Kondo anayo yeye. Akampigia Subira, akaweka sauti ya wazi maana vidole vilikuwa na kisamvu.

"Mama, umefika?" Ilikuwa sauti changamfu, haina hata chembe ya wasiwasi. "Umemwona?"

"Nimemwona nani?"

"Mama yake Twalha. Yukoje?"

Bi Mwanamina akaacha kutafuna. "Subira. Wewe ulijua?"

Akacheka kidogo. Kisha, "Mama, jina la duka si liko pale pale kwenye meseji? Na Twalha alishanieleza kuwa mama yake kaweka mashine ya kutuma meseji. Nilijua imekosea."

"Ulijua imekosea, na ukanisomea kwa sauti, mie nina ungo mkononi, nikaumwaga mchele wote?"

"Ningefanyaje, mama? Barua ya watu umeitia kwenye pipa la mpunga. Kila nikikwambia nenda Kibiti ukamwone mwenyewe, usisikilize ya watu, unasema kiuno kinauma. Siku niliyokusomea ile meseji, kiuno kikapona."

Salwa alijitupa kwenye mkeka akicheka. Mie nilijizuia, maana ni mama yake mtu anayesemwa.

"Na baba yako? Masikini Kondo, nimemlaza dunguni bure!"

"Baba anajua. Nilimweleza siku ile ile, na chakula nampelekea. Kasema huko dunguni kuna upepo mzuri, usiharakishe."

Bi Mwanamina akanitazama. Nikamtazama. Nyuma yangu kitu kikaanguka, tukageuka wote. Twalha alikuwa mlangoni, karudi kazini, begi la vifaa liko chini miguuni pake. Sijui alisimama pale tangu lini. Hakusalimia. Macho yake yalikuwa kwenye ile simu, na uso wake ulikuwa unaomba, mwanaume mzima, unaomba bila neno. Nilitaka kumsemea. Wallahi nilikuwa na maneno tayari. Nikayameza yote.

Bi Mwanamina alimtazama muda mrefu, toka kichwani mpaka kwenye viatu vyenye vumbi. Kisha akaisogeza simu karibu.

"Subira, nenda shambani kamwambie baba yako arudi nyumbani, ajibu barua ya watu."

"Ajibu nini, mama?"

"Ajibu ndiyo."

Binti aliyeposwa, kwetu, akisikia jibu huinamisha uso. Hukimbilia ndani, hujifunika kanga, na akipenda hulia kidogo ili wazazi wasiseme alikuwa ameshachoka kukaa nao. Shangwe hupiga shangazi zake. Huyu hakungoja shangazi. Simu ilipasuka kwa vigelegele, vyake mwenyewe, virefu, mpaka kule Mbwera tukasikia kuku wanatimka na mtu anauliza kuna nini.

Bi Mwanamina alijifunika uso kwa aibu. "Mama Twalha, nisamehe, huyu mtoto, sijui katoa wapi..."

"Mwache!" nikasema, na machozi sasa yalikuwa yananitoka kweli, wala sikuyafuta. "Mwache apige. Huyu ni wangu." Nikaichukua ile simu, nikafungua mlango wa duka wazi kabisa, nikajaza kifua, nikamwitikia.